Pointi za leseni sio faini: zinahesabiwaje, zinatokaje, na nani anazibeba

Kila ikitokea ajali mbaya huku kwetu kaskazini, haipiti siku tatu utamsikia mtu kijiweni anasema hawa madereva wawekewe pointi kwenye leseni kama Ulaya, wataacha wenyewe. Mwenzake anamrukia, pointi za nini tena wakati faini tunalipa kila siku. Wanabishana mpaka chai inapoa na ukiwasikiliza vizuri kila mtu anaongelea kitu chake. Habari ya pointi, au nukta kama wengine wanavyoziita, yaani alama za makosa zinazoandikwa kwenye leseni yako mpaka zikijaa unafungiwa, imezunguka Tanzania kwa miaka sasa, inaibuka inazama, kwa hiyo ngoja tuifungue taratibu tuone kwa wenzetu inafanyaje kazi na ikija hapa itamkuta nani.

Swali linaloulizwa kuliko yote: nikilipa faini si pointi zinafutika? Hapana, hazifutiki. Ukielewa kwa nini hazifutiki umeshaelewa nusu ya mfumo mzima.

Chukua suka, yaani dereva, wa Haisi anayetoka Kilombero kwenda Usa River. Pale Tengeru kibao kinasema 50, yeye ana 68, kapigwa tochi ya kupima spidi. Mbele kidogo trafiki anamnyooshea mkono, anachukua leseni, anabonyeza kimashine chake, kinatoka kikaratasi chembamba chenye namba ya malipo na kiasi, 30,000. Konda anakikunja anakichomeka kwenye kikinga jua ambako kuna vingine viwili vya wiki iliyopita (vile vikaratasi bana vipige picha mapema, wino wake unapotea na joto la garini kabla mwezi haujaisha), safari inaendelea. Kikilipwa ndani ya siku saba imeisha, kikichelewa kinaongezewa robo kinakuwa 37,500. Bodaboda na bajaji walipunguziwa kwenye bajeti ya 2021 ikawa 10,000. Sasa angalia hapo, suka akirudia kesho ni 30,000 hiyo hiyo, keshokutwa hiyo hiyo, mara ya hamsini hiyo hiyo. Faini haimjui aliyeizoea. Na kwa mtu anayewahi abiria inaingia tu kwenye mahesabu, ya tajiri mwenye gari, ya mafuta, ya konda, ya kosa moja la siku, kinachobaki ndo chetu. Afu 30,000 ya suka inauma siku nzima wakati 30,000 ya mwenye V8 ni kuosha gari na supu.

Pointi zenyewe ni daftari la Mangi pale dukani. Kaandika jina lako, tarehe na ulichochukua, na siku likijaa hupewi kitu tena hata ukija na suti. Ila daftari hili halilipwi kwa hela, linalipwa kwa muda, yaani kukaa miezi au miaka bila kosa. Kosa moja linaweza kuzaa vyote viwili, faini unaimaliza leo kwa simu, pointi zinabaki zimekaa kwenye jina lako.

Kuhesabu ndo kunachanganya watu maana nchi hazifanani. Wapo wanaoanzia sifuri wakipanda. Uingereza leseni ikiwa safi haina kitu, kila kosa linaongeza, ukifikisha 12 ndani ya miaka mitatu unaenda mahakamani na kawaida unafungiwa miezi sita kwa uchache. Ujerumani nao wanapanda, kumbukumbu zote ziko kwenye ofisi moja mji wa Flensburg kule karibu na mpaka wa Denmark, na kikomo chao kilikuwa 18 mpaka Mei 2014 walipofumua mfumo kikawa 8, kosa linakupa moja, mbili au tatu. Wapo wanaokupa mtaji wakakata kidogo kidogo. Ufaransa walianza Julai 1992 na 6, mwaka ule ule ikawa 12, Italia 20 tangu 2003, Hispania 12 tangu Julai 2006. Ufaransa na Hispania ukifika sifuri leseni sio yako tena, Italia unarudishwa kwenye mtihani. Kimahesabu ni kitu kile kile, kupanda mpaka 12 au kushuka kutoka 12, ila mimi naona ya kukatwa inauma zaidi maana mtu anaona kilichokuwa chake kinaondoka. Wafaransa ilipoanza tu mwaka ule 1992 madereva wa malori walifunga barabara kuu wakigoma.

Uzito wa kosa nao unatofautiana. Ufaransa kutofunga mkanda ni pointi 3, kupita mataa mekundu 4, kuendesha umelewa 6. Spidi inategemea umezidisha kiasi gani, na tangu Januari 2024 ukizidisha chini ya kilomita 5 hukatwi pointi, faini tu. Ila kitu kilichopandishwa bei karibu kila mahali ni simu mkononi. Uingereza tangu 2017 ni pointi 6 na pauni 200, Hispania tangu 2022 ni 6 pia, nusu ya leseni nzima imeondoka kwa kujibu ujumbe mmoja wa WhatsApp. Na kwa dereva mpya Uingereza ni balaa zaidi, maana ndani ya miaka miwili ya kwanza kikomo chake sio 12, ni 6. Kwa hiyo simu moja tu leseni imefutwa, unarudi kuwa lena, mwanafunzi wa udereva, unafanya mtihani wa nadharia na wa barabarani upya. Ufaransa mgeni anapewa mtaji wa 6 badala ya 12 na unapanda taratibu kila mwaka akitulia.

Kingine ambacho watu wanakiruka ni kalenda. Tuseme kijana wa Kibosho yuko Leicester anasambaza mizigo. Januari 2023 kapigwa kamera, pointi 3. Agosti 2024 tena, 3. Novemba 2025 kakamatwa na simu, 6. Jumla 12, na kutoka Januari 2023 mpaka Novemba 2025 miaka mitatu haijatimia, kwa hiyo zote zinahesabika na yuko mahakamani. Sasa sogeza lile kosa la simu mpaka Februari 2026. Zile 3 za mwanzo zimeshapita miaka mitatu, hazihesabiwi, ana 9, anaendesha kesho kama kawaida. Mtu yule yule, makosa yale yale, tofauti miezi mitatu. Ndo maana kinachoangaliwa ni tarehe ya kosa, sio siku uliyolipa, na kuchelewesha makaratasi ili pointi za zamani zipitwe na muda hakusaidii kitu. Halafu kutohesabiwa sio kufutika, zinabaki zinaonekana kwenye rekodi mpaka mwaka wa nne, na zile za ulevi mpaka miaka 11, na kampuni za bima wanazisoma.

Kuzirudisha kuna njia. Ufaransa ukipoteza moja tu ukakaa miezi sita bila kosa inarudi yenyewe, na ukitaka haraka unajilipia kozi ya siku mbili ya usalama barabarani unarudishiwa mpaka 4, lakini mara moja tu kwa mwaka. China daftari linaanza upya kila mwaka na 12 zako kama huna deni la kosa. Italia wana ka utaratibu ninakokapenda, dereva akikaa miaka miwili bila kosa anaongezewa 2, anaweza kupanda kutoka 20 mpaka 30. Sisi huku dereva aliyekula miaka ishirini barabara ya Moshi bila kugusa mtu anapata nini? Anapata kusimamishwa Kikatiti aonyeshe fire extinguisher.

Haya, sasa tuje kwenye sehemu ngumu, na mimi kwa maoni yangu hapa ndo mfumo mzima unasimama au unaanguka: nani alikuwa kwenye usukani?

Faini haijali sana. Gari limeandikiwa, hela iingie, alipe suka, alipe tajiri, alipe shemeji. Ukitaka kuangalia deni unaingia kwenye mtandao wa polisi unaweka namba ya gari, vinatoka vyote vinavyodaiwa. Pointi haiwezi kwenda hivyo, inatakiwa imkute mtu mwenyewe. Akikusimamisha askari uso kwa uso na leseni yako mkononi ni rahisi, lakini kamera inapiga picha namba ya gari, sura yako haiijui. Wenzetu wamelazimika kutunga sheria ya kumbana mwenye gari ataje dereva. Uingereza barua inakuja kwa mwenye gari, akikaa kimya au akisema sikumbuki nani aliendesha, anakula yeye pointi 6 na faini inayoweza kufika pauni 1,000, yaani kimya chako ni kibaya kuliko kosa lenyewe la spidi. Ufaransa tangu 2017 kampuni isipotaja dereva wa gari la kampuni inatozwa faini yake, tena kubwa.

Na bado watu wanacheza. Kisa kinachojulikana kuliko vyote ni cha Chris Huhne, alikuwa waziri Uingereza. Mwaka 2003 alipigwa kamera akiwa na spidi, alikuwa karibu kufungiwa leseni, mke wake Vicky Pryce akajitwisha zile pointi kwamba yeye ndo aliendesha. Miaka ikapita, ndoa ikavunjika, siri ikatoka. 2013 wote wawili wakafungwa miezi minane kila mmoja. Pointi 3 tu jamani. Kosa la spidi lingemnyima gari miezi michache, uongo ukamnyima uwaziri na ubunge. Ufaransa nako watu waliwahi kuuziana pointi mtandaoni, bibi asiyeendesha gari anakubali kukatwa kwa niaba ya mtu anayeendesha kila siku, na bibi anapewa chake.

Sasa vuta hiyo picha uilete hapa. Haisi moja asubuhi ina suka mwenyewe, saa tano kaenda kula, deiwaka, dereva wa kushikilia kwa siku, kashika usukani tripu mbili za Ngaramtoni, jioni kashika konda mwenye leseni ya mwaka jana, na tajiri yuko Njiro hajui chochote anasubiri hesabu. Kamera ikipiga saa sita, jina la nani linaandikwa? Tajiri atasema suka, suka atasema deiwaka, na deiwaka namba yake haipatikani. Ukiandika pointi kwa anayekubali kirahisi umemwadhibu muungwana, na mimi nakuhakikishia baada ya miezi michache utakuwa na vijana wanaolipwa kubeba pointi za watu.

Kuna kundi moja huku limeshasogea mbele hata bila watu kushtuka, mabasi ya mikoani. LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, waliweka kile kifaa cha kufuatilia mwendo wa basi, na dereva ana kitufe chake anachokigusisha kwenye kifaa kabla ya kuondoka ili ijulikane ni yeye. Basi likivuka 80 inaonekana, na inaonekana lilikuwa mikononi mwa nani. Kama wako wawili wanapokezana, wa pili akikaa naye anaweka cha kwake. Ukiniuliza mimi, kile kitufe kidogo kina maana kubwa kuliko pointi zenyewe, maana pointi bila jina la uhakika ni karatasi tu. Ila Haisi, Noah za Namanga, kosta za Arusha Moshi, malori, magari ya watalii na magari yetu ya nyumbani, hizo kazi bado.

Na hata ukishamjua dereva, daftari lenyewe linatakiwa liwe moja. Huku leseni anatoa TRA, kosa anaandika polisi, basi anasimamia LATRA, hukumu inatoka mahakamani, na Zanzibar wana mamlaka yao. Wote hao kompyuta zao ziongee siku hiyo hiyo, sivyo dereva aliyefungiwa Kilimanjaro anapata basi Mwanza. Wanaodhani ni jambo la kupitisha sheria tu waangalie Afrika Kusini. Sheria yao ya makosa ya barabarani yenye pointi, AARTO, ni ya 1998. Wakaifanyia majaribio Johannesburg na Pretoria, wakaibadilisha 2019, ikapingwa mahakamani, Julai 2023 Mahakama ya Katiba ikasema iko sawa, na pamoja na hayo yote tarehe ya kuanza kwa pointi ikaendelea kusogezwa mbele. Robo karne hiyo, kwa nchi yenye mifumo kuliko sisi. Ila kuna kitu kizuri mle ndani cha kuiga, pointi hazimwandami dereva peke yake, na mwenye biashara ya magari naye anaandikiwa kwenye kibali cha gari lake.

Hilo la mwenye gari nalisisitiza kwa sababu. Februari 2024 pale Ngaramtoni lori lilishuka likagonga magari mengine, watu 25 wakafa, na taarifa za mwanzo zilitaja breki. Pointi zinampata anayekanyaga breki, hazimpati aliyeambiwa wiki iliyopita breki zimeisha akajibu piga tripu moja kwanza. Suka anayekataa kutoka na gari bovu anajua kuna watatu stendi wanasubiri funguo. Mfumo ukiishia kwenye leseni ya mwajiriwa utamnasa yule asiye na sauti, tajiri ataajiri mwingine kesho.

Je zinafanya kazi? Kwa muda, ndiyo. Watafiti wa Hispania walikusanya tafiti za nchi mbalimbali wakachapisha 2012, wakakuta mwanzoni ajali, vifo na majeruhi vinashuka kwa asilimia 15 mpaka 20, si haba hata kidogo. Halafu ndani ya miezi kumi na nane ile nafuu inayeyuka. Sababu sio ngumu. Siku za kwanza kila mtu anaogopa, redio zinaongea, kila mtu ana 50 kwenye 50. Baadaye watu wanagundua mbona sijasimamishwa tangu Krismasi, wanarudi kulekule. Pointi haziendeshi zenyewe, zinategemea uwezekano wa kukamatwa, na pale ambapo ukikamatwa unaweza kumalizana pembeni hazina nguvu kabisa. Tena hapo kuna mtego, ukipandisha uzito wa adhabu umepandisha na bei ya kumalizana. Mtu mwenye 9 kati ya 12 hatatoa ya soda, atatoa zaidi, kwa sababu leseni ndo mkate wake.

Hapo kuna hoja ya haki ambayo sio nyepesi. Wanasema pointi ni sawa kwa tajiri na maskini kwa kuwa wote wana 12. Kweli kwenye namba. Lakini ukimfungia miezi sita mwenye V8 anaajiri dereva, ukimfungia dereva wa watalii kuanzia Juni umemchukulia msimu mzima wa Serengeti. Tena anayekaa barabarani masaa kumi na mbili anakutana na kamera nyingi kuliko anayetoka Sakina kwenda ofisini na kurudi. Uingereza unaweza kumwomba hakimu asikufungie kwa sababu ya taabu isiyo ya kawaida, ila kupoteza kazi tu mara nyingi haitoshi, uonyeshe na wengine wataumia, mfano mzazi mgonjwa unayempeleka hospitali. Italia madereva wa malori na mabasi wana cheti cha kazi chenye pointi zake 20 mbali na leseni, kosa la kazini linakatwa kule, la Jumapili na familia linakatwa kwenye leseni. Mimi hii ya Italia ningeichukua kama ilivyo.

Na asiye na leseni kabisa? Bodaboda wangapi Kwa Mrombo wana leseni, tuwe wakweli. Uingereza wanamfungulia rekodi hivyo hivyo bila leseni, pointi zinakaa zinamsubiri siku akienda kuomba. Huku itabidi wazo kama hilo liwepo, vinginevyo adhabu itamkuta aliyefuata utaratibu na kumwacha asiyeufuata, na wajanja wataona bora wasikate leseni kabisa.

Kwa sasa, ukimwachia mtu gari andika jina lake, namba ya leseni yake, saa aliyochukua na saa aliyorudisha, hata kwenye ujumbe wa simu inatosha, na aujibu. Hakikisha daraja la leseni yake linaruhusu hilo gari. Afu jizoeze kuangalia deni la gari lako mara kwa mara badala ya kusubiri usimamishwe. Ukikuta kosa la siku ambayo wewe ulikuwa Same msibani na gari alikuwa nalo mtu mwingine, fuatilia ujue ni nani alikuwa nalo sasa hivi ikiwa bado ni 30,000 tu.